Picha ya Angani Haioni Masale

Mwaka mmoja ambao masika yalikatika mapema, ndugu yangu alirusha droni juu ya shamba letu la mahindi lililopo tambarare, chini ya mji wa Moshi. Katika picha ulionekana mstari wa kijani uliokatisha shamba kwa mshazari, upana wake kama hatua mbili, ilhali mahindi ya pande zote mbili yalikuwa yameanza kujikunja majani. Wote tulioinamia simu tulikubaliana kwamba huo ni mpaka wa kale. Mzee jirani yetu alipoonyeshwa, aliitazama kidogo tu akasema, "Huo ni mfongo. Ulifukiwa mimi nikiwa kijana." Mfongo ni mfereji wa jadi wa Wachagga wa kumwagilia mashamba.

Kosa letu halikuwa katika kuamini kwamba kuna kitu chini ya udongo. Mtaro uliofukiwa hujaa udongo laini unaotunza unyevu, hivyo mmea ulio juu yake hurefuka na kubaki kijani jua linapokaza. Juu ya msingi wa mawe mizizi hukosa kina, na mmea hudumaa na kugeuka manjano kabla ya wenzake. Ndiyo maana ukame hufichua mengi: Julai 2018, karibu na Newgrange nchini Ireland, droni zilionyesha duara kubwa la kale ambalo miaka ya mvua ilikuwa imelificha chini ya mazao.

Kosa lilikuwa katika neno "mpaka". Picha huonyesha mahali udongo ulipochimbwa au mawe yalipopangwa, wakati mpaka ni mapatano ya watu, na Wachagga wameyawekea mapatano hayo alama ya masale, mmea usiohitaji mtaro wala ukuta. Masale yakishang'olewa, sidhani kama hubaki chochote cha kuyatia mahindi rangi. Kwa hiyo anayetafuta mipaka yetu ya zamani kutoka angani atapata mifongo, kisha ataiita mipaka, kama tulivyofanya sisi. (Huko juu vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani mlimani, hatapata hata hiyo, kwa kuwa migomba na miti hufunika kila kitu.)

Engaruka, mkoani Arusha, hali ni tofauti, kwani kuta za mawe za mashamba yaliyolimwa kwa umwagiliaji kati ya takriban karne ya 15 na ya 18 zimesimama wazi kwenye eneo la hekta zipatazo 2,000. Hata hivyo, mstari wa mawe pale unaweza kuwa ukingo wa mfereji, kingo ya tuta au ukuta wa shamba, na anayeutofautisha ni yule anayeufuata kwa miguu akiangalia maji yangeelekea wapi.

Katika picha yetu upo mstari mwingine, upande wa mashariki, mfupi, ulionyooka na wa manjano. Mzee anasema haufahamu. Huenda ni mawe, huenda ni njia ya trekta iliyoshindilia udongo. Mahindi yakishavunwa nitaupita na jembe nisikie kama linagonga.