Je, Kano aliihasi jujutsu?

Wapenzi wa sanaa za mapigano za Kijapani wana shutuma wasiyochoka kuirudia: kwamba Kano Jigoro, mwasisi wa judo, aliihasi jujutsu, sanaa ya kale ya mapigano ya mikono iliyozaa judo. Alizikuta shule za kale zikifundisha kuvunja viungo na kupiga mahali pa kuua, akazing'oa meno, akatuachia mchezo wa kuangushana mbele ya mwamuzi.

Wasemao hivyo hawajakosea kote. Miereka ya Kito, mojawapo ya shule za jujutsu alizosomea Kano, ilitungwa kwa ajili ya watu waliovaa deraya. Mchezaji wa judo wa leo hajui deraya wala hajawahi kushikiwa kisu. Mwaka 2013 shirikisho la judo la dunia lilipiga marufuku kabisa mashindanoni kumshika mpinzani miguu kwa mikono. Ukitoka hapo ukaenda kuwatazama watu wa Katori Shinto, shule iliyoanza karne ya 15, utaona upanga na mkuki vikifundishwa kwa kata peke yake: wawili wanarudia hatua zilizopangwa, mmoja anashambulia, mwenzake anajibu, hakuna mshindi. Pale pana kitu ambacho judo haina.

Sawa. Lakini pigo la jicho unalifanyiaje mazoezi? Kidole kinasimama kabla hakijafika. Kesho kinasimama tena. Baada ya miaka kumi mwili umejifunza jambo moja vizuri sana, nalo ni kusita. Hapo ndipo Kano alipoona mbali. Miereka huru, yaani randori, hakuibuni yeye, aliikuta kwa walimu wake. Alichofanya ni kuiweka katikati ya mafunzo na kuchagua zile mbinu ambazo unaweza kumtendea mwenzako kwa nguvu zako zote, na kesho akarudi mazoezini. Mapigo na visu hakuvitupa, alivihifadhi ndani ya kata. Koshiki no Kata inayofundishwa hadi leo Kodokan, shule aliyoianzisha Kano, ni urithi wa Kito wenyewe. Ajabu ni kwamba wanaolilia mambo ya kale ndio wasioigusa.

Mimi hurudi kila mara kwenye chumba kile cha kwanza cha Kodokan. Mei 1882, hekalu la Eishoji, Tokyo: tatami 12, yaani mikeka ya Kijapani ya sakafuni, wanafunzi 9, na mwalimu wa miaka 21. Tatami 12 ni kama mita 20 za mraba, sebule tu. Inasimuliwa kwamba kwa vishindo vya watu kuanguka, vibao vya kumbukumbu za marehemu vilidondoka, na Kano akawa anaingia uvunguni mwa sakafu usiku, taa mkononi, kurekebisha mbao zilizovunjika. Chumba cha namna hiyo hakina pa kujificha. Ama umemwangusha mtu, ama hujamwangusha, na wenzako wanane wameona. Sijui ni mchezo gani uliohasiwa unaovunja sakafu ya hekalu.

Tena tukumbuke hali ya jujutsu wakati huo. Amri ya 1876 ilikuwa imewapokonya samurai haki ya kutembea na panga, na mafundi wa mapigano walikuwa wakihangaikia riziki. Kijana Kano alipotaka mwalimu, aliwatafuta waunga mifupa, kwa kuwa wengi wao walikuwa mabingwa wa jujutsu wa zamani. Ndivyo alivyompata Fukuda Hachinosuke wa shule ya Tenjin Shin'yo, mwaka 1877. Sanaa ambayo mabingwa wake walikuwa wanaishi kwa kuunga mifupa ya majirani haikuhitaji mtu wa kuja kuihasi.

Na hizo kanuni za mashindano? Kano alifariki melini mwaka 1938, miaka 26 kabla judo haijachezwa kwenye Olimpiki ya Tokyo. Lawama za 2013 wapelekewe waliokuwa hai 2013.