Dawa Inayokaribia Kuisha Muda Ni Taka Iliyo Njiani

Kwenye karatasi, sheria ya kusafirisha taka za dawa nje ya mipaka ni kali. Mkataba wa Basel wa 1989 umezipa hata namba: Y1 taka za hospitali, Y2 mabaki ya viwanda vya dawa, Y3 dawa zenyewe zisizotakiwa tena. Anayetaka kuzitoa nchini mwake lazima nchi zinakokwenda na zinakopitia zikubali kwanza kwa maandishi. Zikipelekwa kimagendo, nchi zilikotoka ina siku 30 za kuzirudisha. Sisi Waafrika tulikaza zaidi: Mkataba wa Bamako wa 1991 umefanya kuingiza taka za sumu barani kutoka nje kuwa jinai.

Ila mikataba hiyo inakamata kile ambacho tayari kinaitwa taka. Katoni ya dawa iliyobakiza wiki tatu inaitwa msaada. Inapita forodhani kwa heshima zote, inalala bohari, na siku yake inapofika, mzigo ni wetu.

Bosnia wakati wa vita ilikadiriwa kupokea tani 17,000 za dawa zisizofaa. Mwaka 2021 Malawi ilipokea chanjo za Uviko zilizobakiza siku 18 tu. Dozi 19,610 zikaishia kuchomwa moto Lilongwe. Sisemi waliotuma walikuwa na nia mbaya. Nasema gharama ya kuteketeza ilimwangukia aliyepokea.

Na kuteketeza dawa si kuwasha kiberiti nyuma ya wodi. Dawa za saratani zinahitaji tanuri la nyuzi joto 1,200 na zaidi. Hospitali ngapi za wilaya zinalo? Antibiotiki zikitupwa dampo, mvua inazisukuma mtoni, na vijidudu vinajifunza usugu.

Shirika la Afya Duniani linashauri dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja wa kutumika. Huo ni ushauri tu, na mimi nataka uwe sheria: shehena yenye muda pungufu, bila mpokeaji kuikubali kwa maandishi, ihesabiwe Y3 tangu bandari ya kupakilia, na ikikataliwa, aliyetuma airudishe kwa pesa yake. Chanjo, ambazo nyingi hazidumu sana, ziwekewe kipimo chao. Wizara zetu nazo zidai orodha yenye tarehe ya kila boksi kabla meli haijang'oa nanga.