Mtoto wa Wete naye asikie "nkate"

Nilisema "nkate". Sikukusudia, wala sikuhisi kama nimeteleza. Mbele yangu palikuwa na meza, kawa la ukili, mkate wa kumimina alioupika jirani yangu, na kamera. Kazi yangu ilikuwa kumhesabisha mtoto vipande. Mtayarishaji akasimamisha. "Mwalimu, tamka vizuri. Mkate." Tukarudia mara nne, na mara ya nne ulimi wangu ulikuwa umenyooka lakini furaha yote imenitoka usoni. Ndiyo hiyo iliyorushwa.

Mimi ni mwalimu wa maandalizi, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambako mkate tunauita "nkate", na kwa miaka mingi sasa nasomesha hapa Mjini Unguja. Kituo kimoja cha Unguja kilitafuta mtu wa kuongoza kipindi cha watoto, nikaenda. Tulirekodi vipindi kumi na moja. Baada ya hapo akawekwa kijana mwengine, kisha msichana aliyekuwa akisubiri nafasi ya kusoma habari, kisha kipindi kikafa. Hakuna aliyewaaga watoto. Hilo ndilo lililonikaa moyoni kuliko kuondolewa kwangu.

Tangu siku hizo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya Floella Benjamin, mtangazaji wa vipindi vya watoto wa Uingereza, na leo nataka kumleta kwenu, kwa sababu naamini maisha yake yanatuonyesha kitu ambacho vituo vyetu havijakitambua: kumtangazia mtoto ni kazi ya kudumu nayo, na anayeifanya lazima aruhusiwe kuja na nafsi yake nzima.

Alizaliwa Trinidad mwaka 1949. Wazazi wake walitangulia Uingereza kutafuta maisha, na yeye na baadhi ya ndugu zake wakaachwa kwa watu ambao hawakuwatendea wema, mpaka 1960 walipopanda meli kuwafuata. Kwetu Pemba jambo hili halihitaji maelezo. Baba yuko Oman au Tanga, mama kamfuata, mtoto kabaki na anasubiri simu. Huko Uingereza alitukanwa kwa rangi yake. Alianza maisha ya kazi benki, akaacha, akaingia kwenye michezo ya jukwaani, na mwaka 1977 akaonekana katika filamu ya Black Joy. Wakati huo alikuwa ameshaanza, mwaka 1976, kuongoza kipindi cha watoto wadogo cha BBC kiitwacho Play School. Akabaki nacho mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Miaka kumi na miwili.

Kipindi chenyewe kilianza tarehe 21 Aprili 1964, siku tano kabla ya Muungano wetu. Kilifunguliwa kwa nyumba: hii nyumba, huu mlango, haya madirisha, tuyahesabu. Kulikuwa na dirisha la duara, la mraba na la tao, mtoto akabashiri leo tutapita lipi, kisha kamera ikapenya humo na kumpeleka nje, kuona watu wanavyofanya kazi zao na dunia inavyokwenda.

Nilipoijua habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, nikamkumbuka bibi. Jioni, taa ya chemni, sisi tumemzunguka juu ya mkeka. "Paukwa!" "Pakawa!" "Paliondokea Chanjagaa, kajenga nyumba kaka, mwanangu mwana Siti, vijino kama chikichi, vya kujengea vikuta, na vilango vya kupitia." Nyumba, kuta, vilango. Bibi alikuwa akitujengea nyumba kwanza, anatupitisha mlangoni, ndipo hadithi ianze. Na hakuendelea mpaka tuitikie. Akisikia sauti ya mmoja imepungua, alirudia "Paukwa!" akimtazama yule yule. Mbinu hii tumezaliwa nayo, na ndiyo maana inaniuma kuona vipindi vya watoto wetu vinaanza kwa mtu anayepiga kelele "Watoto hamjamboooo!" kana kwamba anahutubia uwanja wa Amaan.

Mtoto anayetazama yuko peke yake, au yeye na mdogo wake. Ukitazama vipande vya zamani vya Floella utaona anazungumza na mtu mmoja. Anauliza, anangoja, uso wake unasikiliza. Hapo ndipo uigizaji wake ulipofanya kazi. Anayedhani kuigiza kwa ajili ya watoto ni kujifanya mtoto, kubana sauti na kurukaruka, hajawahi kukaa na watoto. Inataka mtu mzima aliyetulia, aitazame lenzi ya kioo na kuona ndani yake jicho la mtoto wa miaka minne, halafu amwamini. Mimi nilijifunza hilo darasani, si studio. Nikiuliza swali, huhesabu moyoni mpaka nne kabla ya kusema neno, kwa sababu mtoto mdogo anahitaji muda huo kulifikia jibu lake. Kwenye vipindi vyangu kumi na moja, wahariri walikata kimya hicho chote. Waliona ni kosa, kama nimesahau maneno. Mtoto nyumbani akawa anaulizwa na kujibiwa kwa pumzi moja, asipate pa kuingia.

Lakini jambo la Floella ninalolipenda zaidi ni hili. Amesimulia mara nyingi kwamba alipofika kwenye kipindi aliona picha za hadithi walizokuwa wakisoma zina watoto weupe watupu. Akauliza kwa nini. Akataka wawemo na watoto weusi, wa Kihindi, wa Kichina, na wakawemo. Alikuwa na misuko yake yenye shanga kichwani, na alikuja nayo hivyo hivyo mbele ya watoto wa nchi nzima. Wapo watu leo, weusi na weupe, wanaokumbuka kuwa uso mweusi wa kwanza kuwatabasamia ndani ya nyumba zao ulikuwa wake.

Sisi hapa visiwani hatuna tatizo la rangi kwenye picha zetu, lakini lugha yetu ina dirisha moja tu lililofunguliwa. Mpemba akitokea kwenye mchezo wa kuchekesha ni muuza duka bahili, na kinachochekesha ni ulimi wake. Mtoto wa Wete, wa Konde, wa Micheweni, anakua akijua kwamba namna mama yake anavyosema ni ya kuchekwa, na ile ya kwenye televisheni ndiyo ya watu. Akija skuli anaogopa kunyanyua mkono. Nimewaona. Sikatai Kiswahili sanifu kifundishwe, mimi mwenyewe nakifundisha, na mtihani hautampa mtu alama kwa "nkono" na "nti". Ninachosema ni kwamba mtoto wa miaka minne kwanza ajue yumo.

Katika kipindi cha sita, "nkate" mmoja uliponyoka wahariri. Jioni ile kaka yangu alinipigia simu kutoka Wete, akampa mwanawe wa miaka mitano. Hakunisalimia hata. "Shangazi! Umesema nkate!" Alicheka kicheko cha mtu aliyekutana na jamaa yake mjini asipotarajia. Baba yake anasema alilirudia neno lile nyumba nzima mpaka alipolala.

Na tusiseme sisi ni wachanga wa mambo haya. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka kama ishirini kabla ya Bara, ambako ITV ilianza 1994. Leo watoto wetu wanaangalia Ubongo Kids inayotengenezwa Dar es Salaam, na ni kazi nzuri, naitumia darasani. Ila ni katuni. Katuni hutakutana naye Darajani akinunua samaki, akakwambia, "Ehe mwanangu, umekwisha kujua kuhesabu?" Na hata pale kituo chetu kilipotuweka hewani, kilituweka saa kumi alasiri. Saa kumi watoto wa Zanzibar wako chuoni, wanasoma Kurani. Mtu aliyepanga saa ile hakuuliza mzazi hata mmoja.

Floella aliingia Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 2010, na huko amepigania watoto walindwe na picha chafu za mitandaoni na wasikilizwe serikalini. Mwaka 2023, Mfalme Charles alipotawazwa, alikuwa miongoni mwa waliobeba vifaa vya utawala. Watu wazima humsimamisha njiani wakilia, naye huwaita watoto wake wa Play School. Haya hayapatikani kwa vipindi kumi na moja. Yamepatikana kwa sababu mtu yule yule, kwa sauti ile ile, alikuwepo mwaka hadi mwaka, mdogo mtu akamkuta pale pale dada yake alipomwacha.

Basi nachotaka nakisema wazi. Kituo chochote cha hapa kitakachoanzisha kipindi cha watoto kichukue watu wawili, mmoja wa Unguja na mmoja wa Pemba, kiwape mkataba wa miaka, kiwalipe kama kinavyomlipa mtangazaji wa mpira, na kiwaache waseme kama wanavyosema na watoto wao. Wafunzwe na waigizaji, wakae na mabibi, wajue kungoja. Kipindi kiruke baada ya Magharibi, watoto wakiwa wamesharudi chuoni, wameoga, wanasubiri chakula.

Mtoto wa kaka yangu sasa ana miaka minane. Mwezi wa Ramadhani alikuja Unguja, na usiku wa pili, tukiwa tunakula urojo Forodhani, aliniuliza yule msichana aliyekuja baada yangu amekwenda wapi. Alikuwa amelishika jina lake. Sikuwa na la kumjibu.