Klauni Naye Alipwe Kabla ya Sherehe

DJ akija kwenye sherehe ya mtoto pale Milimani, spika hazishuki garini kabla pesa haijaingia kwenye simu. Keki hulipiwa hata unga haujachotwa. Anayebaki kuambiwa "tutaongea baadaye" ni klauni. Mimi ndiye huyo klauni, hapa Kisumu, kazi hii ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba, na nasema mazoea haya yaishe.

Sababu ninayopewa huwa ni ile ile: "Dada, si wewe unacheza tu na watoto?" Wanaosema hivyo hawana ubaya. Wanaona pua nyekundu, viatu vikubwa na watoto wakivunjika mbavu. Kazi yenyewe hawaioni.

Chukua suala la umri. Mtoto wa miaka miwili hachekeshwi na uso uliopakwa rangi, anauogopa. Bado anajifunza kusoma nyuso za watu, na huu wangu una mdomo unaocheka hata mwenyewe nisipocheka. Kwa hiyo penye watoto wadogo siingii nikipuliza filimbi. Nafika na uso wangu wa kawaida, nakaa chini kwenye nyasi, nafungua kisanduku cha rangi na kujipaka mbele yao polepole, nikiwauliza nyusi ziwe wapi. Wakishaona mtu anageuka kuwa klauni, hawashtuki tena. Akitokea anayelia, narudi nyuma, na simruhusu mzazi amsukume kwangu ili apigwe picha. (Wazazi wengi hulifanya hili, na naomba waliache. Hofu ya mtoto si kitu cha kuweka kwenye status.) Wa miaka mitano na sita hupenda nikosee: nivae kiatu mkononi, nitafute kofia iliyo kichwani pangu, wao wanirekebishe kwa kelele. Wa miaka tisa hawataki hayo. Wanataka kujua siri ya mchezo, na usipowapa kazi ya kufanya watakuvua wigi. Sherehe moja huwa na wote hao kwa pamoja.

Halafu kuna jua letu. Saa nane mchana rangi inatiririka shingoni, na baluni zile ndefu za kukunja zikawa mbwa au panga hupasuka zikikaa juani. Kila kipande lazima kiokotwe papo hapo, kwa sababu mtoto mdogo akikitia mdomoni kinaweza kumziba koo. Naviokota huku mchezo ukiendelea. Rangi ya kupaka watoto usoni nayo, ile ya maji iliyotengenezewa ngozi, si ya bei rahisi. Ya kuchorea karatasi ni rahisi, na huwaachia vipele. Klauni anayekubali kuja kwa bei ya kutupa lazima kuna mahali amepunguza, na mara nyingi amepunguza hapo.

Mwili pia una gharama yake. Joseph Grimaldi, aliyeufanya uso mweupe wa klauni ujulikane London nzima, alizaliwa 1778, na kufikia 1823 viungo vyake vilikuwa vimekwisha kwa kuruka na kuanguka. Alipoliaga jukwaa mwaka 1828 ilibidi aigize akiwa ameketi, na maonyesho hayo ya kuaga yalikuwa ya kumchangia pesa. Watu walimpenda mno, lakini mapenzi yao hayakumwekea akiba ya uzeeni. Mimi sina mwajiri wa kunikatia chochote. Bima ya afya ya serikali, SHA, naijazia mwenyewe, asilimia 2.75 ya kipato cha nyumba, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, uwe Desemba wenye sherehe kila Jumamosi au Januari ambapo karo imemeza kila kitu na hakuna anayekata keki. Ninapotoza shilingi 5,000 kwa saa mbili, hiyo Januari imo ndani yake.

Wapo wanaosema njoo bure, kutakuwa na watu wakubwa, watakuona. Mkono mtupu haulambwi. Kuna ukumbi mmoja ulionialika Desemba kwa maneno hayo. Watoto walifurika, chipsi na soda zikauzwa mpaka usiku, nami nikaondoka na sahani ya pilau na nauli ya boda hadi Kondele. Siendi tena mahali popote kwa mpango huo, na nawasihi vijana wanaoingia kwenye kazi hii wasiende, kwa sababu kila anayekwenda bure anamshushia bei atakayefuata.

Kuna mahali ambapo natamani kazi hii ifike, napo ni wodini. New York, mwaka 1986, klauni wa sarakasi aitwaye Michael Christensen alianzisha mpango wa kupeleka wenzake hospitalini kuwatembelea watoto waliolazwa, wakiwa wamefunzwa na wanalipwa. Klauni wa hospitali hubisha hodi mlangoni. Mtoto akisema "toka", anatoka. Kwa mtoto ambaye wiki nzima hajaulizwa kama anataka sindano, dawa wala kuamshwa usiku, huyo ndiye mtu anayeweza kumkatalia. Ninaiwazia wodi ya watoto pale Russia, kama tunavyoiita hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ikiwa na klauni wawili walioajiriwa. Wanaojitolea nawaheshimu sana. Lakini mtoto aliyelazwa Jumanne ya mwezi wa tatu anamhitaji klauni Jumanne hiyo, wala hawezi kungoja Krismasi waje wenye zawadi na kamera. Kazi ya kila wiki hufanywa na mtu anayelipwa kila mwezi, hapa kama kwingineko.

Shule zinakaribia kufungwa na simu zimeanza kuingia. Ukinipigia, niambie umri wa watoto, watakuwa wangapi, kama kuna kivuli, na kama yupo anayeogopa kelele. Kisha tuma nusu ya pesa, niandike tarehe yako.