Je, Edmonton waliponzwa na makipa? Uamuzi wa Knoblauch katika fainali ya 2025

Florida Panthers walibeba Kombe la Stanley, la ligi ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini (NHL), Juni 17, 2025 kwa kuwachapa Edmonton Oilers 5-1 katika mechi ya 6 ya fainali, ambayo bingwa wake ni wa kwanza kushinda mechi 4 kati ya 7. Ulikuwa mwaka wa pili mfululizo timu hizi mbili kukutana fainali, na wa pili Florida kuondoka na kombe. Kwa upande wa Edmonton, lawama nyingi zilimwangukia kocha Kris Knoblauch, hasa kwa jinsi alivyowapokeza makipa wake wawili lango kama zamu ya ulinzi. Wapo wanaosema aliwavuruga. Wapo wanaosema asingebadilisha wangemaliza mapema zaidi. Mimi naona kila upande una hoja nzito, ila pande zote mbili zinatazama mahali ambapo fainali haikuamuliwa.

Tuweke kwanza mambo yalivyokwenda. Stuart Skinner alianza mtoano akiwa kipa namba moja, akapoteza mechi mbili za mwanzo dhidi ya Los Angeles Kings, akawekwa benchi. Calvin Pickard, kipa wa akiba aliyezunguka timu nyingi katika maisha yake ya magongo ya barafuni, akaingia na kushinda mechi 6 mfululizo hadi alipoumia katika raundi ya pili dhidi ya Vegas Golden Knights. Skinner akarudi akiwa mtu mwingine kabisa. Mechi mbili za mwisho na Vegas hakuruhusu hata goli moja. Hadi wanawatoa Dallas Stars na kuingia fainali, hakuna aliyekuwa anauliza nani akae langoni.

Fainali ikaanza kwa mechi mbili za kukata roho. Edmonton wakashinda ya kwanza 4-3 katika muda wa nyongeza, Florida wakajibu 5-4 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Mechi ya 3 ndiyo iliyopasua jipu: kipigo cha 6-1, Skinner akitolewa baada ya kuruhusu magoli 5 katika mashuti 23.

Hapo kocha alikuwa na njia mbili, akachagua kumrudisha Skinner mechi ya 4. Kipindi cha kwanza kati ya vitatu kikaisha Florida wakiongoza 3-0. Pickard akaingia kuanzia kipindi cha pili, na Edmonton wakarudisha yote matatu, wakaongoza 4-3, wakasawazishiwa na Sam Reinhart zikiwa zimebaki sekunde kama 20, kisha Leon Draisaitl akamaliza katika muda wa nyongeza. Kabla ya goli hilo Sam Bennett wa Florida alipiga shuti ambalo Pickard aliligusa kwa glavu, kisahani (ndicho mpira wa mchezo huu) kikagonga mwamba na kurudi uwanjani. Kingeangukia upande mwingine wa mwamba ule, Knoblauch angeitwa mpumbavu usiku uleule. Badala yake aliitwa shujaa, kwa uamuzi uleule.

Wanaomtetea wanaanzia hapa, na sioni wa kuwapinga. Mfululizo una mechi zisizozidi 7, hauna wiki za kumsubiri mtu ajipate. Kipa aliyefungwa magoli 8 katika mechi mbili bila kumaliza hata moja hawezi kuachwa eti kwa sababu ya heshima. Na Pickard hakuwa wa kubahatisha: kila mechi aliyoianza katika mtoano ule hadi pale, timu ilishinda. Kumwanzisha mechi ya 5 lilikuwa jambo la wazi. Akapoteza 5-2, akiruhusu magoli 4 katika mashuti 18, la tano likiwa la lango tupu, kipa akiwa ametolewa ili aingie mshambuliaji wa ziada. Mechi ya 6 Knoblauch akamrudisha Skinner, na msimu ukaisha.

Wanaompinga hawabishani sana na badiliko la mechi ya 4. Hoja yao ni ya mbali kidogo: kipa ni mchezaji wa peke yake, anaishi kwa kujiamini, na anayejua kwamba goli mbili mbaya zitampeleka benchi hucheza akiiogopa benchi. Wanatoa mfano uliotokea wiki mbili tu kabla, Dallas. Katika mechi ya 5 ya fainali ya kanda ya Magharibi, kocha Pete DeBoer alimtoa Jake Oettinger dakika ya 8 ikiwa haijatimia, baada ya mashuti mawili na magoli mawili. Halafu mbele ya waandishi akataja kuwa kipa huyo alikuwa amepoteza mechi 6 kati ya 7 dhidi ya Edmonton. Dallas wakafungwa 6-3 na kutolewa, na siku chache baadaye DeBoer akafukuzwa kazi. Huyu ni kocha ambaye hadi hapo hakuwahi kupoteza mechi ya 7, alikuwa ameshinda zote 9 alizoongoza. Hakukosa ujuzi. Alichokosa ni kujua kwamba kipa namba moja ni mtu utakayemhitaji tena mwakani.

Kisha wanaleta mfano wa pili, na huu ndio wenye nguvu. Fainali ya 2024 Florida waliongoza 3-0, kisha Edmonton wakawapiga 8-1, 5-3 na 5-1. Katika ile 8-1 Sergei Bobrovsky alitolewa baada ya magoli 5 kwa mashuti 16. Paul Maurice, kocha wa Florida, alimrudisha mechi ya 5, akapoteza. Akamrudisha ya 6, akapoteza tena. Akamrudisha ya 7, Florida wakashinda 2-1 na Maurice akabeba kombe lake la kwanza baada ya karibu miaka 30 tangu awe kocha mkuu kwa mara ya kwanza. Wanasema: hiyo ndiyo imani, na imani hulipa.

Hapa nasita. Bobrovsky ana tuzo mbili za kipa bora wa ligi, za 2013 na 2017, na wakati ule alikuwa na mkataba wa dola milioni 70 kwa miaka 7. Maurice alikuwa anamvumilia mtu aliyekwisha kuthibitisha miaka mingi kwamba siku mbaya zake hupita. Kumwambia Knoblauch afanye vivyo hivyo kwa Skinner, ambaye msimu uleule wa mtoano alikuwa ameshawekwa benchi mara moja, ni kumtaka akope dhamana ambayo hana. Uvumilivu wa kocha unapimwa kwa mtu anayevumiliwa. Kwa hiyo mfano wa Florida unasifu busara ya Maurice kwa kipa wake, lakini haumhukumu Knoblauch.

Sasa niseme ninachoamini. Tazama jinsi magoli yalivyopatikana kabla ya kuuliza nani alikuwa langoni. Katika kipindi cha kwanza cha mechi ya 4 Florida walipiga mashuti 17, Edmonton 7. Florida wanakabia juu kuliko timu yoyote niliyoitazama: kisahani kikitupwa nyuma ya lango lenu, mtu wa kwanza anamfuata beki hadi ukutani na kumgonga, wa pili na wa tatu wameshafunga njia za pasi fupi. Beki anabaki na njia moja, kubamiza kisahani kando ya ukuta, na huko kuna Mpanther anasubiri. Mnakaa kwenye eneo lenu dakika nzima, miguu inaisha, mnafanya faulo, mnacheza pungufu. Mechi ya 3 ilijaa hayo mpaka ikachosha kuitazama.

Kilichobadilika katika kipindi cha pili cha mechi ya 4 kilikuwa zaidi ya Pickard. Mabeki wa Edmonton walianza kutoa pasi mapema, mtu wa kati akishuka chini kuwasaidia, na ghafla Florida wakawa wanakimbizana na Connor McDavid, nyota wa Edmonton, badala ya kumsubiri. Kipa mpya aliwapa mshtuko, na mshtuko una thamani yake, sikatai. Lakini mechi ya 5, nyumbani, ambako kanuni inampa kocha mwenyeji haki ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji na hivyo kuchagua nani akabane na nani, makosa yaleyale yalirudi. Brad Marchand wa Florida, aliyekuwa na miaka 37, alifunga mara mbili kwa kuwapita mabeki peke yake akiwa na kisahani kwenye gongo lake. Hakuna kipa wa akiba wala wa namba moja anayetegemewa kuokoa vitu kama hivyo kila usiku.

Mechi ya 6 ilikuwa ya aina hiyohiyo. Dakika ya 5 haijaisha, Reinhart akapokonya kisahani, akampita beki wa mwisho na kukiweka wavuni huku anaanguka kwa magoti. Alimaliza na magoli 4, mawili ya mwisho yakiwa ya lango tupu, kwa sababu Knoblauch alimtoa Skinner zikiwa zimebaki takriban dakika 7 ili aongeze mshambuliaji. Uamuzi huo nao ulichekwa, nami nautetea: ukiwa nyuma 3-0 msimu ukiisha, kuna faida gani kufungwa kwa adabu? Skinner alifungwa mara 3 tu usiku ule, na washambuliaji wake walifunga moja. McDavid alipata goli moja katika fainali nzima. Zach Hyman, mtu wao wa kusumbua mbele ya lango, alikuwa nje kwa jeraha la mkono alilopata dhidi ya Dallas, na pengo lake halikuzibwa na yeyote.

Kama kuna la kumlaumu Knoblauch, kwangu ni hili: alikuwa na siku mbili kati ya mechi ya 4 na ya 5, akiwa ameona kwa macho yake dawa ya ule mkabo, na timu ikarudi uwanjani ikitoka nyuma kama ilivyotoka mechi ya 3. Muda aliotumia kujibu maswali ya kipa sijui, lakini uwanjani ndiko majibu yalikokosekana.

Klabu ililiona jambo hili tofauti. Desemba 2025 Skinner alipelekwa Pittsburgh Penguins na Edmonton wakamchukua Tristan Jarry. Pamoja na Skinner aliondoka beki Brett Kulak, mmoja wa watu waliokuwa wanaweza kutoa kisahani nyuma kwa utulivu. Sehemu hiyo ya biashara ilizungumzwa kidogo sana, na ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi.