Richard Keshafika Akka, Mie Natumwa Mkaa

Jamani, aliyetunga misheni ya mwisho ya Sultani Salahuddin kwenye Age of Empires II, lile gemu la vita la kompyuta, alikuwa na ugomvi gani na sisi? Unapewa mji wa Akka, kuta zimesimama, bahari iko mbele, kisha unaambiwa: jenga jengo la ajabu na ulilinde lisibomolewe. Hapo Richard, mfalme wa Uingereza, na wenzake wa Vita vya Msalaba wanakujia kwa nchi kavu na kwa maji. Na ukishika historia, Akka ilianguka Julai 1191, baada ya kuzingirwa karibu miaka miwili. Yaani Salahuddin mwenyewe, na majeshi yake yote, ilimshinda. Sasa anategemewa nani? Mie, baba Zuhura, nimekaa kwenye kigoda hapa Makorora, Tanga, na mausi isiyobofya upande wa kulia.

Bei ya hilo jengo: mbao 1000, dhahabu 1000, mawe 1000. Mbao si tatizo, miti ipo. Mawe ndiyo balaa. Ngome moja tu inameza mawe 650, ukuta unataka mawe, mnara unataka mawe, na machimbo hayatoshi. Vijana wa mtaani wao huanza na ngome tatu kwa fahari, wakija kwenye jengo wamebaki wanatazamana. Nenda sokoni, bwana. Uza chakula na mbao upate dhahabu, nunua mawe kidogo kidogo. Ila ujue kila ukinunua bei inapanda, na kila ukiuza bei ya chako inashuka. Hapo ndipo nilipokubali kwamba waliolitengeneza gemu hili mwaka 1999 wamewahi kwenda sokoni.

Halafu kuna matrebusheti, ile mitambo ya kurusha mawe makubwa. Msidanganyike kukaa ndani ya ukuta mkajiona salama. Trebusheti linapiga mbali kuliko ngome yako inavyoweza kujibu, kwa hiyo ukikaa ndani unahesabu tu matofali yanavyodondoka. Lakini lina ugonjwa mmoja: aliye karibu yake kabisa haliwezi kumpiga. Basi weka wapanda farasi wepesi nyuma ya geti. Ukisikia jiwe la kwanza, fungua, toka mbio, vunja mtambo, rudi. Rudi! Usimfukuze mtu. Wapiga mishale wa Kiingereza wanakungoja huko nyuma, na upinde wao ni mrefu.

Wakija wapanda farasi wa Kizungu wenye deraya, toa ngamia. Ngamia anamla farasi, hilo halina mjadala. Toa na mamluki, wale wanaorusha panga zilizopinda wakiwa juu ya ngamia. Ghali kwa dhahabu lakini raha kuwatazama. Mtu wa Tanga, mji wenye mtaa wake wa Ngamiani, ashindwe kutumia ngamia? Ila mamluki usimpeleke kwa wapiga mishale. Utalia.

Kinachonikera zaidi si Richard. Ni hawa wanakijiji. Mmoja ananigharimu chakula 50, nikimbofya anaitika, nikimtuma kuziba ukuta huku mawe yanamnyeshea kichwani, anakwenda. Hadai nauli. Sasa mie nimegeuka tu, nimemwambia mwanangu, "Hebu nipe hiyo chaja," naambiwa, "Baba, subiri." Mtoto amekula kwangu miaka kumi na mitatu! Hicho si chakula 50.

Upande wa bahari ndio watu wengi hufia. Wanapanga jeshi lote kwenye geti la nchi kavu, meli zinashusha askari nyuma ya mgongo wao. Sisi watu wa hapa tungepaswa kulijua hilo kuliko wote. Novemba 1914, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta askari wapatao 8000 wa kutoka India, wakashukia Raskazone, hapa hapa Tanga. Mjerumani, aliyetutawala wakati huo, alikuwa na kama elfu moja. Waingereza wakashindwa! Kwa nini? Walichelewa, walitanguliza kutoa onyo, Mjerumani akapakia askari kwenye treni kutoka Moshi. Na nyuki wakawavamia, wakamaliza kazi. Kwa hiyo na wewe usilinde kila kipande cha pwani, huna watu hao. Weka minara michache ya kukupa habari, kikosi cha kwenda mbio kiwe katikati, kiwahi popote. Nyuki kwenye gemu hawapo, nimetafuta.

Jengo likishaanza, watie wanakijiji wengi kwa pamoja, usitie wawili ukasubiri uzee. Likisimama tu, adui wote wanakujia kwa mkupuo, na hapo ndipo hazina yote iwe imeshageuka askari. Dhahabu iliyobaki kwenye hesabu haimzuii mtu mlangoni.

Na hapo hapo, wallahi, jengo limesimama, saa inahesabu, Richard yuko getini na matrebusheti, ndipo inapokuja sauti kutoka uani.

"Baba Zuhura! Mkaa umekwisha."

"Mama Zuhura, ningoje kidogo, nimezingirwa."

"Umezingirwa na nani?"

"Waingereza."

"Waambie wakupishe, maharage yameiva nusu. Na ukirudi upitie maziwa."

Nikamkabidhi Akka mpwa wangu. "Mjomba, nenda tu," akasema, "nitalinda." Narudi na gunia begani, namkuta ameuza mawe yote, amenunua ngamia arobaini, na anawapeleka matembezi ufukweni.