Mwani mdogo: tuushibishe au tuushindishe njaa?

Ukifika kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi wakati wa kiangazi, litazame bwawa la mwisho, lile ambamo chumvi huanza kuganda. Maji yake mara nyingi huwa mekundu kama yametiwa rangi. Sehemu ya wekundu ule hutokana na Dunaliella, mwani wa chembe moja usioonekana kwa macho, ambao ukibanwa na chumvi na jua hujijaza rangi ileile iliyomo kwenye karoti. Hakuna aliyeupanda. Ndiyo maana yakitajwa mafuta ya mwani mdogo, yale ya kutengenezea dizeli, mtu wa kwetu huuliza: kama unaota wenyewe, kwa nini tusiukamue?

Swali hilo lina uzito wake. Jua tunalo, maji ya bahari tunayo, na hakuna mkorosho utakaokatwa. Mtwara ina mitambo ya umeme wa gesi, na moshi wake una kabonidayoksaidi, chakula cha mwani: kilo moja ya mwani mkavu humeza takriban kilo 1.8 za hewa hiyo. Nannochloropsis, aina ya mwani mdogo inayofugwa sana, huweza kufikisha mafuta nusu ya uzito wake mkavu. Ufuta wetu nao ni karibu nusu mafuta, lakini ufuta hungoja msimu, mwani huvunwa kila baada ya siku chache.

Kinachosahaulika ni kwamba nusu hiyo hupatikana kwa njaa. Mfugaji huunyima mwani naitrojeni. Bila naitrojeni chembe haiwezi kutengeneza protini, kwa hiyo haigawanyiki. Lakini jua linaendelea kuwaka, na kaboni inayoingia huwekwa akiba kama mafuta. Tia Nile Red, rangi inayofanya mafuta yang'ae, tazama kwa hadubini yenye mwanga wa buluu: chembe iliyoshiba ina vidoa viwili vitatu vya dhahabu, iliyoshinda njaa imejaa matone hadi klorofili yake imesukumwa pembeni. Inapendeza kuitazama. Ila bwawa limeacha kukua, na umepata mwani mnono lakini haba.

Uhaba wenyewe si wa mchezo. Bwawa la wazi kwa kawaida hubeba nusu gramu hadi gramu moja ya mwani mkavu kwa lita. Chukua tanki la lita 1,000, lile jeusi la juu ya paa: kwa kiwango cha chini utatoa nusu kilo. Mafuta yakiwa robo, ni gramu 125, na kabla ya kuyapata inabidi uutoe mwani huo kwenye tani nzima ya maji, kisha uukaushe. Wamarekani waliendesha mpango wao wa mafuta ya mwani kuanzia 1978, wakaufunga 1996 kwa kuwa petroli ilikuwa rahisi mno kushindana nayo. Kampuni ya mafuta ya ExxonMobil iliingia 2009, ikajitoa 2023. Na Kilwa haijasahau mbono, mmea wa mbegu za mafuta: ardhi ilitolewa kwa ajili ya dizeli ya mimea, mwekezaji akafilisika.

Mimi ningeachana na dizeli, lakini si mwani. Thamani yake iko kwenye asidi mbili za mafuta zenye faida kwa lishe, EPA na DHA, ambazo huzikuti kwenye nazi, ufuta wala korosho. Hata samaki wa baharini huzipata hasa kwa kula mwani, au kula aliyekula mwani. Na kumbe EPA hukaa zaidi kwenye ngozi za ndani za chembe kuliko kwenye matone ya akiba. Ukiushindisha mwani njaa, mafuta yanaongezeka huku sehemu ya EPA ikipungua. Anayetaka dizeli na anayetaka lishe hawawezi kulima bwawa moja.

Kwa lishe, mteja yupo karibu: mabuu ya kamba na ya jongoo bahari hula mwani mdogo uitwao Chaetoceros, na wanaokuza chaza hutumia mwingine, Isochrysis, ambayo aina yake moja ilitoka Tahiti na huvumilia maji ya uvuguvugu. Huhitaji kuchuja wala kukausha chochote. Unachota maji ya rangi ya chai unamimina kwenye tanki la mabuu, na gharama iliyowashinda wa dizeli imekwisha.

Wanaopinga wana neno hapa pia. Joto la bwawa letu mwezi wa Januari humfanya mwani apunguze asidi hizo hizo tunazozitaka. Mvua za masika hushusha chumvi kwa usiku mmoja, na wadudu wadogo walao mwani huingia bila hodi. Kubwa zaidi, vituo vya kutotolesha mabuu ni vichache. Mwani bila mabuu ni maji machafu tu. Kwa hiyo kituo kitangulie, mwani ufuate, tena kwa mifuko ya plastiki chini ya kivuli cha makuti badala ya mabwawa ya ekari. Mbegu ya mwani ikae kwenye chupa chumba chenye ubaridi, na chupa ya pili ikae nyumba nyingine, isiyotumia laini moja ya umeme na ya kwanza.